Trei Iliyozidi Kidole Kimoja

Jumatano ile Gundi alikata karoti kwa kisu kibutu. Kisu kikali kilikuwepo, kwenye droo ya kwanza, umbali wa mkono tu. Alikiacha makusudi, kwa sababu kisu kibutu huchelewesha kazi, na kazi ikichelewa chakula nacho huchelewa, na chakula kikichelewa, yale maneno yaliyomkaa kooni tangu Jumapili yangengoja kidogo.

Mbele yake palikuwa na karoti sita, nusu boga, viazi vitamu viwili, vitunguu vyekundu na pilipili hoho moja. Ni chakula cha mtu aliyetoka kazini amechoka: unakata, unamwagia mafuta, chumvi na pilipili manga, unavisukuma ndani ya oveni, na dakika kumi kabla ya kuepua unanyunyizia asali na ndimu. Asali huja mwisho. Ukiitanguliza inaungua, na utamu wote unageuka uchungu.

"Bado tu unazibembeleza hizo karoti?" shangazi yake aliuliza, akipapasa chini ya meza kutafuta kandambili ya mguu wa kushoto. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba yake, mwenye nyumba ya tatu kutoka pale, na ndiye aliyekaa na mzee mchana kutwa Gundi akiwa kazini.

"Nazikata zilingane, Shangazi."

"Zilingane ziende wapi? Tumboni hakuna rula." Aliipata kandambili, akaivaa, lakini hakuondoka. "Anakuja?"

"Leo Jumatano."

"Sikuuliza siku."

Gundi aliinamisha uso kwenye boga. Shangazi akashusha pumzi.

"Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki. Na wewe umekohoa mwaka mzima na nusu, mtaa mzima umesikia. Sikulaumu, kijana mwenyewe ana adabu. Ila leo mwambie. Usimlishe mtu boga halafu umwache apande basi Jumamosi, aende kujenga daraja miaka minne, akidhani kaachiwa mlango wazi."

"Nitamwambia."

"Tangu Jumapili unasema hivyohivyo." Alimpapasa bega mara mbili, akatoka, na Gundi akasikia kandambili zikiburuzwa mpaka barabarani.

Jina hilo la Gundi alipewa na huyohuyo aliyekuwa akija. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu kwenye duka la uchapaji: kupanga kurasa, kushona migongo, kupaka gundi, kubana. Mwaka juzi mkono wa mashine ya kubania ulikatika, bosi akamtuma aupeleke kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Akamkuta kijana mrefu, mweusi wa masizi, miwani ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso.

"Unafanya kazi gani, dada, mpaka unavunja chuma?"

"Naunganisha vitabu."

"Kwa kutumia nini?"

"Uzi na gundi."

"Mimi kwa moto," kijana alisema, akauchukua ule mkono wa chuma kama anapokea mtoto. "Haya, tungoje tuone cha nani kitaachia kwanza."

Kuanzia siku ile yeye akawa Gundi na kijana akawa Fundi, na majina waliyopewa na wazazi wao yakabaki kwenye vitambulisho.

Mwezi wa tatu wa kujuana kwao Fundi alimletea zawadi. Wengine huleta maua. Huyu alikuja siku moja na tepu yake ya kupimia, akaingiza kichwa kizima ndani ya oveni, na wiki iliyofuata akaleta trei ya chuma aliyoitengeneza kwa mkono wake. Mtu huyu alikuwa ametengeneza mageti ya nusu ya mji, na hakuna hata moja lililokwama. Lakini siku ile ya kupima Gundi alikuwa amesimama pembeni yake, kitambaa kichwani, anamcheka. Trei ikatoka imezidi. Kidole kimoja tu. Iliingia, ila mlango wa oveni haukufunga, ukabaki umeachama.

Fundi aliona haya mpaka masikioni. Alitaka kuirudisha karakana akaipunguze palepale. Gundi alikataa katakata. Akavuta kiti cha mbao, akakiegemeza kwenye mlango wa oveni, akamwambia, "Kaa hapo. Aliyekosea ndiye atakayeubana."

Hivyo ndivyo Jumatano zao zilivyozaliwa. Dakika arobaini Fundi ameketi, uzito wake umeubana mlango, mgongo unapata joto, na Gundi juu ya kigoda mbele yake, magoti yao nusura yagusane. Kila kitu cha maana walichowahi kuambiana waliambiana pale. Pale alisikia habari za baba yake Fundi aliyekwenda kutafuta kazi na hakurudi, na za wadogo zake wanne. Pale ndipo alipoambiwa nakupenda kwa mara ya kwanza, na mtu ambaye hakuweza hata kusimama amkumbatie kwa kuwa chakula kingebaki kibichi.

Saa kumi na mbili na nusu mlango uligongwa mara tatu, kama kawaida yake. Gundi alikausha mikono, akaenda kufungua.

Alikuwa amenyoa. Amevaa shati la buluu, lile la mfuko mkubwa kifuani, na mwili wake ulinukia sabuni, na chini ya sabuni harufu ya chuma ambayo haikumtoka hata baada ya karakana kufungwa miezi saba iliyopita. Walitazamana palepale kizingitini, kila mmoja akitafuta usoni kwa mwenzake kama habari aliyoibeba yeye ilikuwa imeshafika.

"Unanitazama kama askari wa mpakani," Fundi alisema. "Niingie au nionyeshe cheti?"

"Ingia. Baba amekuulizia."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa la ajabu. Baba yake Gundi alikuwa mpima ardhi, miaka thelathini na moja akipima mashamba na viwanja, na hatua yake ilijulikana kwa usahihi. Maradhi ya kusahau yalipoanza kumla yalianza na majina, yakaja kwenye nyuso, yakamnyang'anya hata msiba wa mkewe, akawa kila jioni anauliza kama mkewe amerudi kutoka sokoni. Lakini vitu viwili hayakuvigusa. Kimoja kilikuwa ile trei.

"Shikamoo, Mzee," Fundi aliinama mbele ya kiti chake chumbani.

"Marahaba." Mzee alimkagua. "Wewe ndiye yule fundi asiyejua kupima?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Pole."

Kila Jumatano walisemezana hivyo, neno kwa neno, na kila Jumatano mzee alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Kitu cha pili kilikuwa hatua. Kutoka kitandani kwake hadi mlango wa jikoni ni hatua kumi na nne, kisha kulia. Hadi chooni ni hatua tisa, kisha kushoto. Alihesabu kwa sauti, akafika, akabaki mtu mzima na heshima yake. Mwaka jana kaka yake Gundi alimchukua akakae kwake, nyumba nzuri, ya ghorofa. Siku ya tatu mzee alihesabu kumi na nne, akageuka kulia. Kulia kulikuwa na ngazi. Alirudishwa mkono ukiwa ndani ya plasta, na kaka mtu akasema kwenye simu maneno yasiyo na rufaa: "Baba hahami tena. Na wewe, dada yangu, ndiye unayemjua."

Gundi alisukuma trei ndani ya oveni. Fundi akavuta kiti bila kuambiwa, akakaa, mgongo ukaegemea.

"Leo umevikata vikubwa," alisema.

"Kisu kibutu."

"Si ungeniambia nikakinoa?"

"Na Jumatano ijayo atakinoa nani?"

Lilimponyoka. Fundi alimtazama akifuta meza, akilikunja tambara, akilikunjua, akifuta tena.

"Gundi. Kabla hujasema unachotaka kusema, nisikilize mimi kwanza."

"Nani kakwambia nataka kusema?"

"Tangu nimeingia umefuta meza hiyo mara tatu, na meza yenyewe ni safi. Kaa."

Alikaa kwenye kigoda. Fundi alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjulia juu ya magoti yao wote wawili. Ilijaa mistari ya penseli nene ya kazi na tarakimu zilizofutwa na kuandikwa upya.

"Nini hii?"

"Soma."

"Mimi najalidi, ramani sizijui."

"Basi tumwite mpima ardhi." Alicheka, akaweka kidole juu ya karatasi. "Hapa kitanda cha Mzee. Hapa mlango wa jikoni, mita tisa na nusu, kisha kulia. Hapa choo, mita sita na kidogo, kushoto. Kitasa upande uleule. Dirisha upande uleule, jua la asubuhi limpige shavu lilelile."

"Umepima nyumba yetu?"

"Jumatano tatu. Ulipokuwa unamwogesha." Aliongea haraka sasa. "Sikiliza. Kule kwenye daraja, fundi wa mkataba akimaliza miezi sita anapewa kiwanja cha kujenga. Nitajenga hii. Chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta. Mwaka mmoja nakuwa nimeezeka. Nakuja na gari usiku, tunamchukua Mzee akiwa usingizini, kitanda na kila kitu. Anaamka, anahesabu kumi na nne, anageuka kulia, anakukuta jikoni."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi? Nimekaa kwenye kiti."

Gundi alifunika mdomo kwa kiganja. Tangu Jumapili alikuwa amejipanga, amepiga moyo konde, amezirudia sentensi zake mbele ya kioo kama mwanafunzi wa mtihani. Sasa zote zilimtoka. Aliinama juu ya karatasi ile, akauona mlango wake, choo chake, hata kona ambayo ufagio husimamishwa.

"Na safari hii umepima sawasawa?" aliuliza, machozi na kicheko pamoja.

"Mara saba. Nilijizuia hata nisikuwaze."

Kwa dakika tano hivi hapakuwa na mwanamke mwenye furaha kumzidi. Aliuliza kuta zitakuwa rangi gani. Aliuliza kama huko nako kuna vitabu vinavyoachia migongo. Fundi alisema kila palipo na shule pana vitabu vilivyochanika, na kwamba atamtengenezea mashine ya kubania isiyokatika, na Gundi akamwambia basi asiipime yeye. Boga lilianza kunukia. Alikumbuka asali, akanyoosha mkono kuitoa kabatini ili iwe tayari.

Ndipo waliposikia kule chumbani kitanda kikilia, na sauti ya mzee.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Nyamaza," Fundi alinong'ona, uso umejaa tabasamu. "Sikia ramani yangu inavyosomwa."

"Nane. Tisa. Kumi."

Gundi naye alikuwa anatabasamu. Halafu kitu kikamgusa, kitu alichokiona Jumatatu na kujikataza kukielewa, na tabasamu likamfia.

"Kumi na tatu. Kumi na nne."

Hapakutokea mtu mlangoni. Walisikia kiganja kikipapasa ukuta, na kalenda ikichanika.

"Nani kauziba mlango?" mzee aliita. Sauti ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. "Nani kauziba? Nimehesabu! Nimehesabu sawasawa!"

Fundi aliruka kutoka kwenye kiti. Mlango wa oveni ukaanguka wazi nyuma yake kwa kishindo, joto lote likamwagika jikoni. Walimkuta mzee ukumbini ameugeukia ukuta, mikono miwili juu ya mabaki ya kalenda, anausukuma. Mlango wa jikoni ulikuwa mbele zaidi, hatua mbili tu.

"Baba. Baba, niko hapa. Shika mkono wangu."

"Mama yako kauhamisha mlango."

"Hapana, Baba."

"Basi nyumba hii imepimwa vibaya." Alimwona Fundi, akamnyooshea kidole. "Ni yeye! Hajui kupima!"

Fundi alikuwa amepiga goti sakafuni, ametandaza shibiri yake kati ya nyayo mbili za mzee, kisigino cha mbele na vidole vya nyuma. Nje ya shibiri haikubaki hata nusu ya kiganja: hatua ya mzee ilikuwa imefupika. Fundi hadanganywi na kipimo, hata akitaka.

"Nyumba haijasogea," alisema polepole.

"Haijasogea," Gundi aliitikia.

"Tangu lini?"

"Jumatatu alipungukiwa kidogo. Nilijiambia amekosea kuhesabu." Aliiondoa mikono ya baba yake ukutani. "Baba hajawahi kukosea kuhesabu."

Walikula mezani wote watatu, mboga na wali. Mlango wa oveni uliachama muda mrefu, na moto ukawa umepotea. Karoti zilikuwa ngumu katikati na viazi vilikwama kooni. Asali hakuna aliyeikumbuka. Gundi aliponda boga kwa uma, akamlisha baba yake taratibu, akimfuta kidevu. Mzee alikuwa ameshasahau ukuta na kalenda. Alikula vizuri, kisha akasinzia palepale kitini, kichwa kimeinamia kifuani.

Karatasi ilikuwa katikati ya meza. Hakuna aliyeigusa.

"Nitabaki," Fundi alisema.

"Ubaki ufanye nini? Karakana imefungwa. Miezi saba unazunguka na tepu mfukoni, hupati hata dirisha la kurekebisha. Wadogo zako wanne wanakula kwa mkono wako."

"Basi nitajenga hivyohivyo. Nitaweka mita nane."

"Utajenga ya mwaka gani, Fundi? Ukimaliza kuta atakuwa anafika jikoni kwa hatua ishirini. Mwaka unaofuata thelathini. Halafu siku moja hatainuka." Aliisukuma karatasi kwake kwa ncha ya kidole, polepole, kama anamrudishia mtu kitu cha kuvunjika. "Hakuna wa kuipima nyumba hiyo."

"Basi tusubiriane. Miaka minne si mingi. Nitakuwa nakuja."

"Mama yako anasema nini?"

"Mama anasema mengi."

"Niambie moja."

Fundi aligeuza uma, akaugeuza tena. "Anasema mwanamume wa miaka thelathini na nne hakai..."

"Malizia."

"Hakai kusubiri mzee wa watu afe ndipo aoe."

Mzee alikoroma kidogo kitini. Wote wawili walimtazama.

"Mama yako hajanitukana," Gundi alisema. "Kasema kweli. Hilo ndilo nililotaka kukwambia tangu Jumapili, ila mimi sikuwa na ujasiri wake."

"Subira yavuta heri, Gundi."

"Heri gani? Fikiria vizuri, heri yetu sisi ni msiba wa nani?" Aliisogeza sahani ya baba yake pembeni. "Nikikwambia unisubiri, namwambia nani afe? Utapiga simu uniulize Mzee hajambo, na mimi nitajua unauliza nini hasa. Hutataka, lakini utauliza. Na mimi, siku akiamka anahema vibaya, nitakuwa na kona moyoni inayofurahi. Kona ndogo tu. Siwezi kumwogesha baba yangu nikiwa na kona hiyo."

"Mimi sijawahi kumtakia mabaya."

"Najua. Nataka ibaki hivyo."

Fundi aliweka uma chini. Alilia bila kujificha, kiganja kimefunika macho, mabega mapana yakitikisika, na Gundi aliyeapa hatalia mbele yake alilia pia, mkono mmoja umeushika wa Fundi na mwingine umeshika mkono wa baba yake uliolegea juu ya meza. Walikaa hivyo mpaka chakula kikapoa kabisa.

Hatimaye Fundi alisimama. Alimsaidia kumrudisha mzee kitandani, akamvua viatu, akamfunika miguu. Kisha akarudi jikoni, akaitoa trei, akaiosha yeye mwenyewe, akaikausha, akaifunga ndani ya gazeti.

"Unaichukua?" Gundi aliuliza. Aliumia kuliko alivyotegemea.

"Nitairudisha."

Mlangoni aligeuka. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimeungua mara nyingi hata moto havikuusikia tena. Gundi aliwahi kumwona akigeuza viazi vya moto bila uma. Sasa vidole hivyo vilipita shavuni mwake taratibu, kutoka sikioni hadi kidevuni, kama vinapima.

"Bado hakijaachia," Fundi alisema. "Si chako, si changu."

"Nenda," Gundi alimwambia. "Nenda kabla sijakuita."

Ijumaa alipotoka kazini alimkuta shangazi jikoni, amekaa kwenye kile kiti cha mbao, mikono juu ya mapaja. Juu ya meza palikuwa na kitu kilichofungwa gazeti.

"Fundi wako kapita," shangazi alisema. Sauti yake haikuwa na utani. "Kamsalimia baba yako, wakaambiana mambo yao yaleyale. Hakukaa."

"Hukumwambia anisubiri?"

"Nilimwambia, mwanangu. Nilimwambia hata chai naweka. Akasema akikusubiri hataondoka."

Gundi alifungua gazeti. Trei ilikuwa imekatwa upande mmoja, ukingo ukakunjwa upya, pembe mbili zikachomelewa na kupigwa tupa mpaka mshono ulionekana tu ukiutafuta kwa ukucha. Aliutafuta kwa ukucha.

"Nikamuuliza, na hicho kipande ulichokata umekitupa wapi?" shangazi aliendelea. "Akajigonga hapa." Akajigusa kifuani, mahali pa mfuko wa shati.

Jumamosi Gundi hakwenda stendi. Saa moja asubuhi, saa ya basi, alikuwa anamnyoa baba yake ndevu, na mkono wake haukumkwaruza hata mara moja.

Jumatano ikafika, maana Jumatano haina huruma. Alitoa kisu kikali kwenye droo. Karoti sita, nusu boga, viazi vitamu viwili, vitunguu, hoho moja. Mafuta, chumvi, pilipili manga. Aliisukuma trei ndani na mlango wa oveni ukafunga, taratibu, bila kelele, ukaacha mstari mwembamba tu pembeni. Alivuta kiti kwa mazoea. Kisha akakirudisha mezani kwa sababu hakikuwa na kazi.

Dakika arobaini ni ndefu jikoni kwa mtu mmoja. Ilipobaki kumi alinyunyizia asali na ndimu. Alipoepua, kila kipande kilikuwa kimeiva mpaka ndani, kingo zimekolea rangi, chumvi na utamu vimeshikana. Tangu aanze kupika mboga hizo hazijawahi kutoka vizuri hivyo. Alimwekea baba yake, akajiwekea na yeye, na tonge la kwanza kinywani halikumezeka.

Mzee alitafuna. Akatazama huku na huku, akakitazama kiti cha tatu.

"Yule fundi asiyejua kupima yuko wapi?"

Gundi alishika ukingo wa meza. "Amejua kupima, Baba. Mlango unafunga sasa."

Mzee aligeuka taratibu, akautazama mlango wa oveni. Aliutazama kwa jicho lake la zamani, jicho la kazi, kuanzia bawaba hadi mpini, na hakuona kosa. Kisha akamrudia binti yake, na safari hii hakucheka.

"Pole," alisema.